Jivu la Kiwanda Kwenye Sakafu Zetu

Siku ile katika ukumbi wa kanisa tulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani, lakini nitawataja wale tu ambao habari hii inawahusu. Mbele aliketi naibu wa chifu. Mama yake na mimi tulibatizwa siku moja. Kando yake alikaa mtaalamu wa udongo, kijana mwembamba aliyekuja na kampuni kutoka Nairobi, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote hapa. Karibu na mlango alikuwepo mzee aliyekuwa mlinzi wa kiwanda, mume wa binti ya shangazi yangu wa Kivaa. Alikuwepo mama anayeuza nafaka sokoni, mtu wa upande wa mlimani, aliyekaa na sisi mpaka Kikamba chake kikawa kizuri kuliko cha watoto wetu. Alikuwepo mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wangu, na binti yake wa miaka sita amelala kwenye mapaja yake. Na kushoto kwangu alikuwepo wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Yeye hukaa kushoto siku zote kwa sababu sikio langu la kulia lilishakufa.

Majina yao wote niko nayo, na ya wazazi wao, na ya waliokufa nitakaowataja huko mbele. Sitayaandika hapa. Walio hai wana watoto wa kuishi nao vizuri, na waliokufa hawawezi kunijibu.

Tuliitwa kusikia habari ya uwanja wa gofu. Kampuni ilitaka kuujenga pale kilipokuwa kiwanda, huku kwetu chini ya kilima, ng'ambo ya machimbo ya mawe ukitoka Mlolongo. Kiwanda kile kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, yale madini mazito yaliyo ndani yake. Kilifungwa nikiwa bado na nywele nyeusi. Paa liliondoka, halafu milango, halafu mawe ya ukuta upande mmoja. Kilichobaki ni uwanja mpana wa udongo wa rangi ya kijivu ambao hauoteshi kitu isipokuwa ndulele. Mbuzi wanaingia hapo kulamba ukuta. Wakati wa kiangazi upepo ukianza saa nne asubuhi, unaona vumbi limesimama juu ya uwanja ule kama moshi, halafu linakuja kwetu. Tumefagia vumbi lile miaka yote hii.

Mtaalamu alitundika ramani yake ukutani, juu ya picha za vituo vya njia ya msalaba. Ramani ilikuwa ya kijani kibichi, na katikati yake kuna bwawa la rangi ya samawati. Akatueleza polepole, na kwa heshima, sitamsingizia. Alisema udongo ule una sumu na kila mtu anajua. Mahindi hayawezi kupandwa hapo, nyumba haziwezi kujengwa, shule haiwezi kuwekwa. Kuuchimba wote na kuupeleka mbali hakuna mtu ataweza. Lakini nyasi hailiwi na mtu. Kwa hivyo kampuni itatandaza nailoni nene juu ya uwanja wote, juu yake udongo wa mfinyanzi, juu yake udongo safi wa kufika kiunoni, halafu nyasi. Vumbi litakwisha. Mbuzi watazuiwa na ua. Barabara itawekwa kokoto, na watu wa karibu watavutiwa maji ya bomba.

Mama wa nafaka aliinua mkono.

"Mimi nataka kuelewa huu mchezo kwanza," akasema. "Mtu mzima anatoka kwake na gari, anakuja hapa, anapiga kampira kadogo kwa fimbo, halafu anakafuata kwa miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Akikapata?"

"Anakapiga tena."

"Kwani mtu kama huyo hana mbuzi wa kufuata?"

Ukumbi ulicheka mpaka mtaalamu naye akacheka, na moyo wangu ukampenda kidogo. Lakini yule mzee aliyekuwa mlinzi hakucheka. Alisimama akishikilia nguzo ya mlango.

"Nyasi inakunywa maji," akasema.

"Inakunywa, mzee. Mengi."

"Ikishiba, yale mengine yanaenda wapi?"

"Yatachukuliwa na mifereji hadi kwenye bwawa."

"Kijana, mimi nimelinda hapo miaka mingi, najua maji ya hapo yanakotaka kwenda. Yanateremka. Na kisima chetu kiko chini."

"Ndiyo maana tunaweka nailoni."

"Na nailoni ikitoboka?"

"Tutakuwa tunapima maji ya kisima kila mara."

"Na nyinyi mkichoka kupima?"

Naibu wa chifu ndiye aliyejibu, akasema mzee aketi, swali lake limeandikwa. Nilitazama kama kuna mtu alikuwa anaandika. Karani alikuwa anachonga penseli.

Ubishi ulikwenda huku na huku. Wengine walisema dawa za kuua magugu ya nyasi zitaingia kisimani pia, na kwamba katapila likianza kusawazisha pale litaamsha vumbi lililolala, tulimeze lote kwa mwezi mmoja badala ya kulimeza kidogo kidogo. Wengine wakasema hapo mwanzo wa kijiji pakiwa pazuri, sisi tulio nyuma tutaonekana wachafu na tutahamishwa. Na wengine wakauliza, sasa mnataka nini, pakae hivyo milele? Huu ndio uliokuwa uzito wa jambo. Pakijengwa, kuna hatari ya maji na ya uchimbaji. Pasipojengwa, kuna vumbi, na hilo si hatari ya kesho, tunalo kifuani tayari. Mkamwana wangu aliuliza kama wanawake wataajiriwa kukata nyasi. Mtaalamu akasema majirani ndio wa kwanza. Nilimwona mkamwana akimtazama mtoto wake aliyelala, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Naibu wa chifu akasema, "Basi, mbaitu, watu wa kwetu, tumesikia uzuri na tumesikia ubaya. Uzuri ni mwingi. Tupitishe?"

Na hapo ndipo mtaalamu alipoongeza neno moja, nafikiri ni ili kututuliza.

"Kitu kimoja msiogope. Sumu haina miguu. Iko ndani ya ukuta wa kiwanda. Tumepima hatua chache nje ya ukuta, ni safi. Tutafunika kila kilicho ndani, na huo utakuwa mwisho wake."

Wifi yangu alinifinya paja. Alinifinya kabla sijasogea hata kidogo, kwa sababu alijua, kama mimi, ni miguu ya nani iliyotembeza sumu ile.

Lazima nirudi nyuma sasa.

Wakati kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, mimi nilikuwa mwenyekiti wa mwethya yetu. Mwethya ni wanawake wa eneo moja wanaofanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakichimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga. Mtu hachagui kwenda au kutokwenda. Ukikosa leo, siku yako utachimba peke yako. Sikuchaguliwa kwa sababu ya masomo, niliishia darasa la tatu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa naweza kukumbuka bila kuandika nani alikuja, nani hakuja, na zamu imefika wapi.

Miaka hiyo tulikuwa na funza. Vijana wa leo wakisikia funza wanacheka, lakini funza walikuwa wanatunyima hata kwenda kanisani. Walikaa katika vumbi la sakafu za udongo, wakaingia kwenye vidole vya watoto mpaka mtoto anatembea kwa visigino. Mwanangu wa tatu alikuwa anatambaa kwenda shuleni. Tulimwaga maji, tulimwaga jivu la moto, tulisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe kila Jumamosi. Funza wakarudi.

Halafu mwanamke mmoja wa mwethya, ambaye mume wake alikuwa anachochea tanuri kiwandani, akasiriba nyumba yake kwa jivu la kiwanda. Lilikuwa limerundikwa nyuma ya ukuta, kijivu, zito kuliko jivu lolote, linang'aa kidogo ukilishika juani. Alilichanganya na udongo na kinyesi. Sakafu ikakauka ngumu kama sahani. Wiki ya pili funza hawakuonekana. Hata mchwa waliacha nguzo zake.

Tukaenda kuona. Tulivua viatu, wale waliokuwa navyo, tukakanyaga, tukasifu. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu, kwamba zamu zote za msimu ule tutaacha matuta tubebe jivu.

Tulilibeba kwa magunia na vyondo, na ule mkanda wa ngozi tunaouita mukwa umekaza kwenye paji la uso. Lilikuwa zito mpaka shingo inatetemeka. Kiwanda kilifurahi, tulikuwa tunawafagilia bila malipo, na mlinzi, huyu huyu mzee, alikuwa anatufungulia lango la nyuma na kututania kwamba siku moja tutabeba na tanuri. Nyumba kwa nyumba tulipiga sakafu. Tulipofika ya mwisho tulikuwa tunaimba. Mwanangu wa tatu alipona vidole, akatembea. Padri alisema katika mahubiri kwamba wanawake wa eneo hili wameshinda funza, na wote wakageuka kunitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena mpaka siku ya baraza hili ninalowasimulia.

Sitasema kwamba sikusikia chochote baadaye. Kiwanda kilipofungwa, watu fulani wa ofisi walipita wakitangaza kwa kipaza sauti kwamba uchafu wa kiwanda ni sumu, tusiwaachie watoto kucheza pale. Nilisikia vizuri. Wakati huo masikio yote mawili yalikuwa mazima. Lakini walisema pale. Akilini mwangu jivu letu halikuwa la pale tena. Lilishakuwa sakafu. Tulikuwa tumelala juu yake, tumezaa juu yake, tumewalaza maiti wetu juu yake usiku wa kuwaaga. Kitu ukishakichanganya na kinyesi cha ng'ombe wako na mikono yako, hukihesabu kuwa uchafu wa mtu mwingine.

Na kuna hili, ambalo ndilo zito. Mkamwana wangu alipoolewa alipewa nyumba yangu ya zamani. Alipokuwa na mimba ya huyu mtoto alitamani udongo, kama wengi wetu tunavyotamani. Wengine hununua mawe ya kula sokoni, lakini yeye alisema yale yana ladha ya duka. Alikuwa anakwangua pembe ya jikoni, pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa kucha, anaweka ulimini. Nilimkuta siku moja akashtuka.

"Mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba, "usinicheke."

"Nikucheke kwa nini? Kona hiyo ndiyo nilikula mimi na mimba ya mume wako. Angalia, shimo langu bado liko."

Tukacheka. Nikamwonyesha mahali palipo laini.

Mtoto alizaliwa mdogo. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea. Sasa ana miaka sita na ana maneno machache, nayo huyasema yakigongana. Ukimwita anachelewa kugeuka. Tuliambiwa atachangamka akianza shule. Alianza shule.

Ndiyo maana mtaalamu aliposema sumu haina miguu, wifi yangu alinifinya.

"Nyamaza, mke wa kaka," akaninong'oneza kwa Kikamba katika sikio linalosikia. "Wacha watandaze nyasi yao. Vumbi litakwisha. Hilo peke yake ni kubwa."

"Na sakafu?"

"Sakafu ya nani? Wengine wameweka simenti juu. Wale wenzetu wa mwethya wamelala na heshima yao, kwenye mazishi yao walisifiwa. Tumebaki mimi na wewe. Unataka tuwafukue?"

Nilimtazama mtoto amelala na mdomo wazi, mkono wake umeanguka sakafuni. Nikafikiri, kampuni hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho kuja hapa na watu wa kupima udongo. Ikifunika kilicho ndani ya ukuta na kusema huo ni mwisho wake, basi utakuwa mwisho kweli. Hakuna mtu atarudi kutafuta kilicho nje.

Nilisimama. Goti lililia, watu wakageuka.

"Mimi naitwa na wote hapa susu, nyanya," nikasema. "Hata wewe kijana niite hivyo. Hiyo sumu yako ilitoka ndani ya ukuta. Niliitoa mimi."

Mtaalamu alifikiri ninatania. "Ulitoa kiasi gani, susu?"

"Msimu mzima."

"Uliweka wapi?"

"Kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

Basi nikaanza kuzitaja. Nilizitaja kwa mpango wa zamu ile ile, kuanzia nyumba ya mwanamke wa kwanza, kupanda upande wa kilima, kuteremka upande wa kisima. Jina la mwenye nyumba, vyumba vilivyopigwa, na vile vya jikoni. Karani aliacha penseli yake akachukua kalamu. Mwanzoni kulikuwa na kicheko, mtu anasema, "Susu, umesahau choo." Halafu kila jina lilipotajwa kichwa kimoja kiliinama mahali fulani ndani ya ukumbi, kwa sababu ni mama yake mtu, ni nyanya yake mtu, na anaishi humo. Nilipotaja nyumba yangu ya zamani mkamwana wangu aligeuka. Hakunitazama usoni. Alitazama kucha zake.

Wifi yangu aliondoka kabla sijamaliza. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika zamu, nikaitaja akiwa mlangoni.

Hakuna kilichopitishwa siku hiyo. Mtaalamu alirudi baada ya siku chache na chombo cha mkononi kinachofanana na bastola ya kuchezea, akawa anakielekeza sakafuni na kusoma namba. Nilitembea naye nikimwonyesha milango. Katika nyumba yangu ya zamani alikielekeza pale kwenye kona ya jikoni, kwenye shimo langu na la mkamwana, akasoma, akakielekeza tena kama mtu asiyeamini saa yake.

"Ni mbaya?" nikamuuliza.

"Susu, hapa ni kama pale kiwandani."

Nyumba nyingine hatukufunguliwa. Mjukuu wa yule mwanamke aliyekuwa wa kwanza kubeba jivu alisimama mlangoni kwake, kijana mzuri, mwenye kazi Mlolongo.

"Susu, hapa tuliweka vigae mwaka jana. Unataka tuvunje?"

"Sitaki kuvunja. Nataka apime."

"Akipima, tutajua. Tukijua, tutaishi wapi? Wacha hiyo story, susu. Sana sana umeshatuharibia."

Kampuni haikusema hapana. Iliacha tu kuja. Naibu wa chifu alipoenda kuuliza, aliambiwa walikuwa wamepanga kufunika uchafu wenye ukuta, si uchafu usiojulikana unapoishia. Waliogopa kwamba mtu yeyote atakayeugua katika eneo lote atasema ni uwanja wao. Walisema wanaangalia upya. Vigingi vyao vyenye utepe mwekundu vilibaki pale wiki kadhaa. Mbuzi wakala utepe.

Kwa hivyo tulipima uzuri na ubaya, na tukabaki bila chochote. Hakuna nyasi, hakuna ua, hakuna bomba. Vumbi bado linasimama saa nne. Na sakafu zetu tumezijua. Nimelala nikiligeuza jambo hili kila upande. Kama ningenyamaza, vumbi lingefunikwa, na watoto wote wa hapa wangepumua vizuri zaidi, hata wale ambao nyumba zao hazina jivu. Mkamwana angekuwa na kazi. Kisima pengine kingeharibika, pengine hapana. Na mtoto angeendelea kulala juu ya sakafu ile mpaka awe mama, na yeye akwangue kona. Nikiweka hili upande huu na lile upande ule, mizani haitulii. Nilifikiri wakijua, watasafisha ndani na nje. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la pili. Nilifikiri watu wa kampuni ni kama mwethya, kwamba ukiwaonyesha kazi imebaki kubwa kuliko walivyoona, wataongeza siku.

Muuguzi wa zahanati aliwaandikia mwanangu na mkewe barua ya hospitali, wakaenda Nairobi mtoto akatolewa damu. Karatasi ilirudi. Daktari alisema risasi imo katika damu yake, na kwamba jambo la kwanza ni kumtoa kwenye nyumba ile, alishwe vizuri, apimwe tena. Mkamwana aliuliza kama maneno yatarudi. Daktari alisema hayajapotea ili yarudi. Ni kwamba hayakupata nafasi ya kuota vizuri.

Mkamwana aliniambia haya akiwa anafunga vyombo vyao wahame. Mwanangu alikuwa nje akipakia godoro kwenye mkokoteni.

"Mwaitu, nikuulize."

"Niulize."

"Siku ile uliponikuta nakwangua. Ulijua?"

"Sikujua."

"Ile gari ya kipaza sauti ilipita ukiwa hapa. Mume wangu aliniambia, alikuwa mtoto, anaikumbuka."

"Ilipita."

"Ukasikia."

"Nikasikia. Sikuunganisha."

Alikunja blanketi mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Angenipigia kelele ningeshukuru. Alisema tu, "Ungeunganisha, mwaitu. Wewe ndiye unayekumbuka kila kitu."

Wamepanga chumba kimoja Mlolongo, karibu na pale malori yanapopimwa uzito. Mwanangu anasema kuna vumbi la machimbo huko, lakini ni vumbi la mawe tu. Huja Jumapili moja moja. Mkamwana hutandika mkeka nje, mbali na mlango, na mtoto hakanyagi ndani. Namletea uji pale pale. Wiki iliyopita alisema "susu" vizuri kabisa, halafu akakaa muda mrefu akitafuta neno la kuliweka mbele yake, na mama yake akamtazama, na mimi nikamtazama, na halikuja.

Wifi yangu hanisalimu. Kanisani anakaa kulia.

Nimeichimba sakafu ya jikoni ya nyumba ile ya zamani kwa jembe, kidogo kidogo, kama nguvu inavyoruhusu, nikiimwagia maji kwanza kama nilivyoelekezwa ili isitoe vumbi. Magunia saba yamesimama kando ya nyumba, nimeyafunika kwa turubai na mawe juu. Nilimuuliza naibu wa chifu niyapeleke wapi. Akasema ataulizia. Nilimuuliza tena. Mzee aliyekuwa mlinzi aliniambia niyarudishe pale pale yalikotoka, kwamba lango la nyuma halipo tena, hakuna wa kunifungulia wala kunizuia. Nilifikiria jambo hilo. Lakini upepo wa pale unakuja kwetu. Na mgongo wangu hauwezi tena gunia moja, wacha saba, na mwethya ya kunisaidia imebaki watu wawili wasiosalimiana.

Kilichobaki ninachoweza ni orodha. Ile ya karani ilipotea, au imewekwa mahali ambapo ni sawa na kupotea. Nimeiandika upya katika daftari, kwa mkono wangu, nyumba baada ya nyumba kama zamu ilivyokwenda, na hiyo ina majina yote. Iko kwangu, nyuma ya mlango, na yeyote anaweza kuja kuisoma. Lakini mambo haya ni ya zamani, na aliyekuwa akinisahihisha katika zamu alikuwa wifi yangu. Kuna nyumba mbili upande wa kisima ambazo siku nyingine naziona zimepigwa jivu vyumba vyote, na siku nyingine naona tulifika mlangoni, mvua ikaanza, tukarudi. Na kuna msichana mmoja wa mwethya aliyeolewa upande wa Ekalakala mwishoni mwa msimu ule. Nafikiri aliondoka na gunia moja mgongoni, zawadi yetu kwa sakafu yake mpya. Tulimsindikiza mpaka barabarani tukiimba. Sijui lilifika au alilitua njiani.

Kama nyanya yako alikuwa katika mwethya ile, waulize jamaa waliobaki, tazama rangi ya udongo chini ya simenti. Ukiona nimeitaja nyumba isiyokuwemo, njoo uniambie, nitaifuta mbele yako na nitakuomba msamaha. Ukiona nimeiacha iliyokuwemo, njoo haraka zaidi. Nimekosea mara mbili tayari kwa kudhani najua vizuri. Na kama wewe ni wa yule msichana wa Ekalakala, tafadhali niambie kwamba gunia lile halikufika.